Naomba ushauri: nianzie wapi kusoma Theosofia?

Wakuu, habari zenu. Nimenogewa na historia ya Theosofia, ile falsafa ya siri iliyoanzia New York mwaka 1875 chini ya Helena Blavatsky, mama wa Kirusi, na Kanali Henry Olcott. Baadaye walihamia India, makao makuu yakawa Adyar, Madras.

Blavatsky alidai anafundishwa na mabwana wa hekima walioko Tibet, na barua zao zilikuwa zinatokea ndani ya kabati maalumu. Kabati lenyewe limeegemea ukuta wa chumba chake cha kulala! Mwaka 1885 wachunguzi kutoka London wakamwita tapeli.

Kinachonichanganya ni kwamba pamoja na hayo yote, moto haukuzimika. Gandhi akiwa mwanafunzi London alianza kuisoma Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kwa kushawishiwa na Wateosofia wawili. Annie Besant, rais wa chama cha Wateosofia, akaja kuongoza kikao cha Indian National Congress, chama cha siasa cha Wahindi, mwaka 1917. Mchoraji Mondrian naye alijiunga 1909. Rudolf Steiner, mwanzilishi wa shule za Waldorf, alitokea humohumo kabla ya kujitenga.

Sasa, The Secret Doctrine, kitabu cha Blavatsky, nimeifungua, ni nzito balaa. Nianze na kitabu chake kingine, The Key to Theosophy, au kwanza nitafute wanahistoria wasio waumini? Na mliosoma vitabu hivi mkiwa kwenye familia za kanisani, mliwaelezaje wazazi? Mama ameshaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.