Naomba ushauri: tochi na kisu cha kupandia Mlima Meru

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao napanda Mlima Meru, siku nne, na nimekwama kwenye vitu viwili vidogo.

Usiku wa kwenda kileleni tunaondoka kambi ya Saddle Hut kama saa nane, na kule juu, zaidi ya mita 4,500, baridi inanyonya betri. Tochi yangu ya kichwani ni ya kuchaji kwa USB. Niliijaribu nyumbani ikakaa saa tano na nusu kwenye mwanga wa kati, lakini hapo kulikuwa na joto. Njia ya ukingoni ni nyembamba, sitaki kabisa kubaki gizani.

Kisu ni Opinel namba 8, cha mpini wa mti. Kinakata vitunguu na kamba vizuri mno, nakipenda, ila kikilowa mpini unavimba na kinagoma kufunguka. Nimeupaka mafuta ya kula mara mbili, bado.

Waliowahi kupanda: nibaki na tochi hii pamoja na pawabanki, au ninunue ya betri za AAA za lithiamu? Na mpini huo unatibika, au nichukue Victorinox ndogo yenye mkasi?

Asanteni sana.