Mkopo wa gari au lisi Marekani ukiwa na kibali cha muda

Wanajamii, salaam.

Naomba mwongozo kwa niaba ya mtu mwenye kibali cha kazi kilichobakiza miezi 20. Namba ya Social Security (ya hifadhi ya jamii) anayo, kadi ya benki ya kukopea ina miezi minane. Anatafuta gari la kama dola 15,000. Yadi ya kwanza imemwambia mkopo hauwezekani mpaka apate green card (kibali cha ukaazi wa kudumu). Ya pili inamsukuma achukue lisi (kulikodi gari kwa mkataba na kulirudisha mwisho) ya miaka mitatu. Nani mkweli hapo? Na aende na karatasi gani?

---

Dada, waalaikum salaam.

Mkopo unawezekana. Hakuna sheria ya shirikisho inayomzuia mwenye kibali cha muda kukopa gari. Sheria ya mwaka 1974 ya fursa sawa katika mikopo inakataza kumbagua mwombaji kwa asili yake ya taifa, ila kanuni zake zinamruhusu mkopeshaji kuangalia hadhi ya uhamiaji pale inapogusa uwezo wake wa kudai fedha zake. Ndiyo maana kila benki ina sera yake. Yadi iliyosema "haiwezekani" imejibu kwa niaba ya benki tatu nne inazofanya nazo kazi, basi.

Kinachoangaliwa kuliko vyote ni tarehe iliyoandikwa kwenye kibali. Wapo wakopeshaji wanaotaka rejesho la mwisho liangukie kabla ya tarehe hiyo. Wapo wanaotaka tu kibali kiwe na miezi kadhaa mbele yake. Na wapo wanaotaka kiwe hai siku ya kusaini, wasiulize zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye simu, kabla hujatoa namba yako ya Social Security, ni hili: "Muda wa mkopo mnaufunga na tarehe ya kibali, au hapana?" Akisema ndiyo, piga hesabu kabla hujaenda popote.

Dola 15,000 kwa riba ya 9% kwa mwaka, miezi 60, rejesho ni kama dola 311. Fedha hizo hizo kwa miezi 20 ni kama dola 810 kwa mwezi. Hapo ndipo wengi wanapokataliwa: mshahara haubebi 810, halafu mtu anadhani kakataliwa kwa sababu ya uhamiaji. Dawa yake ni kianzio. Ukiweka 5,000 ukakopa 10,000, miezi 20 inakuwa kama 540, na riba yote mpaka mwisho haifiki 810. Kwa miezi 60 mkopo huo wa 10,000 ungekula riba ya kama 2,450. Muda mfupi unauma kila mwezi lakini unaokoa fedha nyingi. Kama 540 bado ni nzito, punguza bei ya gari, usitafute mkopeshaji wa riba kubwa.

Mahali pa kuanzia si yadi. Ni credit union, ambazo ndizo SACCOS za huku. Zile zilizosajiliwa na serikali ya shirikisho zimewekewa ukomo wa riba wa 18%, na nyingi zina mtu wa kukaa naye mezani akasoma karatasi zako moja moja. Baadhi zinakopesha hata mwenye ITIN (namba ya mlipakodi) asiye na Social Security. Omba idhini ya awali. Utapewa barua yenye kiasi, riba na muda, na mara nyingi inadumu siku 30. Ukiingia yadi na barua hiyo mkononi unazungumzia bei ya gari tu. Usipokuwa nayo, muuzaji atakuuliza "unataka kulipa ngapi kwa mwezi?", na ukijibu swali hilo umeshampa nafasi ya kuongeza miezi na riba bila wewe kuona.

Msiogope kuulizia sehemu kadhaa. Maombi ya mkopo wa gari yakifanyika ndani ya siku 14, hesabu ya FICO (alama ya uaminifu wako wa kulipa madeni) inayachukua kama ombi moja. Yakitapakaa miezi mitatu, kila moja linakuteremsha kidogo. Miezi minane ya kadi inatosha kuwa na alama, kwa sababu FICO inahitaji akaunti yenye angalau miezi sita. Aliye na miezi minne bora asubiri miwili.

---

Kuhusu karatasi, naongezea hapo kwa kuwa ndipo mafaili yanapokwama.

Beba kibali cha kazi, pasipoti, I-94 (rekodi ya kuingia nchini) iliyochapishwa upya kutoka tovuti ya serikali, leseni ya jimbo unaloishi, slipu za mshahara za siku 30 zilizopita, na bili ya umeme au mkataba wa nyumba wenye anwani ileile iliyo kwenye leseni. Mwenye H-1B (viza ya kazi ya kitaalamu) aongeze I-797 (taarifa ya uhamiaji ya kukubaliwa) na barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na kwamba kazi ni ya kudumu. Anayeendesha teksi za mtandaoni hana slipu, kwa hiyo ataombwa ritani za kodi, mara nyingi za miaka miwili.

Leseni ya mwenye hadhi ya muda kwa kawaida huisha siku moja na kibali. Kama kibali kimehuishwa lakini leseni bado ina tarehe ya zamani, mfumo wa benki unasoma leseni. Huisha leseni kwanza, ndipo uombe mkopo.

Mwenye TPS (hifadhi ya muda kwa raia wa nchi zenye machafuko au maafa) ambaye kibali chake kimeongezwa muda kwa tangazo la serikali, kadi inaonekana imekufa lakini iko hai. Chapisha tangazo lenyewe la Federal Register (gazeti rasmi la serikali), piga mstari chini ya sentensi inayotaja aina ya kadi yako na tarehe mpya. Karani wa mbele hatalijua, kwa hiyo omba faili liende kwa mkaguzi wa mikopo. Wengine wote wakumbuke kwamba maombi ya kuhuisha yaliyopelekwa kuanzia tarehe 30 Oktoba 2025 hayapati tena ile nyongeza ya moja kwa moja ya siku 540. Risiti ya maombi peke yake haitamshawishi mkopeshaji, wala hupaswi kuitegemea.

Sasa majina. Sisi tuna majina matatu, na kila ofisi inayakata inavyotaka. Kadi ya benki inaandika la kwanza na la mwisho, kibali kinaandika yote, leseni inaunganisha la kati na la mwisho. Matokeo yake faili lako la krediti linagawanyika mara mbili, na benki inaona nusu tupu. Vuta ripoti zako za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo, bure kwenye annualcreditreport.com, uangalie jina lilivyoandikwa, na udai marekebisho kwa maandishi. Kisha andika jina vilevile kwenye kila fomu, herufi kwa herufi. Ambaye pasipoti yake ina jina moja tu na viza ikaandikwa FNU (yaani jina la kwanza halijulikani), aulize benki kabla wataingizaje jina hilo, maana mfumo huweza kulifanya FNU kuwa jina lake la kwanza.

Na wenye majina ya Kiislamu mjue hili: yadi inalinganisha jina lako na orodha ya vikwazo ya Wizara ya Fedha. Mfanano wa jina tu unasimamisha faili. Hiyo haimaanishi umekataliwa. Waambie walinganishe tarehe na mahali pa kuzaliwa na pasipoti, itaondoka.

Ukikataliwa kweli, una haki ya kujulishwa ndani ya siku 30 tangu ombi likamilike, na kupewa sababu mahususi ukiiomba. Iombe. "Muda wa makazi hautoshi" na "kipato hakitoshi" ni maradhi mawili tofauti na dawa zake ni tofauti.

---

> Ya pili inamsukuma achukue lisi ya miaka mitatu

Kwa miezi 20 ya kibali, lisi ya miezi 36 ni kujifunga. Ukilazimika kuondoka au kupoteza kazi mwezi wa 20, deni la kuvunja mkataba linaweza kukaribia marejesho yote yaliyobaki. Na gari si lako, huwezi kuliuza kirahisi. Kampuni nyingine zinaruhusu kumhamishia mtu mwingine mkataba, nyingine zinakataa kabisa. Ulizeni kabla ya kusaini, na jibu liwe kwenye mkataba.

Wapo pia wanaoikimbilia lisi wakiamini haina riba. Riba imo, imevaa nguo nyingine. Kwenye karatasi tafuta desimali ndogo kama 0.00250, inaitwa money factor. Zidisha kwa 2,400, unapata 6% kwa mwaka. Hesabu yenyewe inakwenda hivi: gari la dola 28,000, thamani iliyokadiriwa baada ya miezi 36 ni 16,800. Tofauti ni 11,200, gawa kwa 36 ni 311. Jumlisha 28,000 na 16,800, zidisha kwa 0.00250, ni 112. Jumla 423 kwa mwezi kabla ya kodi. Kama muuzaji ana rejesho la 470 na hawezi kukuonyesha namba hizi tatu, kuna kitu amekipachika ndani.

Halafu kuna maili. Mikataba mingi ni 10,000 au 12,000 kwa mwaka, na kila maili inayozidi inatozwa senti. Anayefanya kazi ya kubeba abiria au vifurushi asiguse lisi ya kawaida. Maili zitammaliza, na mikataba mingi inakataza biashara hiyo.

---

Asanteni sana, Mungu awabariki. La ziada: yadi sasa inasema achukue gari leo, "mkopo utapita tu wiki ijayo". Kuna ubaya?

---

Upo, tena mkubwa. Asichukue.

Siku chache baadaye anaitwa, anaambiwa benki imekataa, asaini mpya yenye riba ya juu. Kwa wakati huo gari lake la zamani limeshauzwa na kianzio kiko kwao. Gari litoke yadi likiwa na idhini ya mwisho kwa maandishi. Ikiwa imeshatokea, asisaini ya pili kwa hofu. Arudishe gari na adai kianzio chake chote. Na asidhani kuna siku tatu za kurudisha gari kwa kubadili mawazo. Kanuni ya shirikisho ya siku tatu haigusi magari yanayouzwa yadini.

Kabla ya kusaini aweke kidole kwenye sehemu ya mkataba inayotakiwa na sheria, yenye visanduku vinavyoonyesha riba kwa mwaka, gharama ya mkopo, kiasi kilichokopwa, na jumla ya malipo. Kiasi kilichokopwa kikizidi bei ya gari na kodi na usajili ukiondoa kianzio, auliza kila dola. Mara nyingi ni dhamana ya ziada au kuchorwa namba ya chesisi kwenye vioo. Anaweza kuvikataa.

---

Bima nayo iingie kwenye bajeti mapema. Mkopeshaji haridhiki na thadi pati, anataka bima kubwa, na jina lake liandikwe kama mlipwaji gari likiharibika. Bima ikikatika hata kwa wiki, atakununulia yake ya bei ghali na kuiongeza kwenye deni. Pata bei ya bima kwa namba ya chesisi kabla hujakubali gari.

Anayeona ataondoka nchini asiliache gari uwanjani kwa rafiki. Aombe benki barua ya kiasi cha kufunga mkopo chenye riba ya siku 10 mbele, apate bei ya yadi mbili tatu, alinganishe. Bei ikizidi deni, yadi inailipa benki na kumpa chenji. Ikipungua, anajazia mwenyewe siku hiyo. Aliyefunga mkopo asiondoke bila barua ya kuondoa dai la benki kwenye hati ya umiliki, ile ambayo kwetu tunaiita kadi ya gari, na nakala aitunze kwenye simu pamoja na stakabadhi ya malipo ya mwisho. Mnunuzi atakayekuja mwaka unaofuata ataiulizia hiyo kwanza.