Nimelinda ubalozi miaka 16, naweza kupata uraia wa Marekani?

AskariMstaafu: Wakenya wenzangu, usingizi umenitoka. Kuna visa ya Marekani ya wafanyakazi waliotumikia ubalozi wao kwa uaminifu miaka 15. Ukifika kule unapata grini kadi, kibali cha kuishi huko daima, baada ya miaka 5 unaomba uraia. Mimi tangu 2006 nimeanzia siku barabara ya Haile Selassie, Nairobi, saa kumi na moja alfajiri, nikamulika chini ya magari na kile kioo cha mpini mrefu. 2022 nikarudi Nakuru. Naanzia wapi?

MamaLanet: Na Kenya unaiachia nani? Vijana mnapenda kukimbia.

Jirani58: Mama, Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Mzaliwa hapotezi wake.

MluhyaHalisi: Mjomba wangu Mumias alitunza bustani ya balozi mmoja hadi uzeeni. Aliagwa kwa saa ya ukutani. Inachelewa dakika ishirini, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Jirani58: Askari, mshahara ulilipwa na nani?

AskariMstaafu: Hiyo si hoja. Geti ni lao.

Jirani58: Ndiyo hoja yenyewe. Visa hiyo ni ya aliyeajiriwa na serikali ya Marekani. Na hata huyo, mkuu wa ubalozi ampendekeze kwanza.

AskariMstaafu: Haya, ilikuwa kampuni ya ulinzi. Lakini ejenti anasema barua ya ajira inaweza kupangwa. Nimeshampa elfu 80, na ploti ya Lanet imepata mnunuzi. Nirudi nyuma nimwambie nini mke wangu?

MamaLanet: Kupangwa! Sema kughushiwa, baba.

OmeraKisumu: Ngojeni kwanza. Ubalozi wa Haile Selassie ulilipuliwa 7 Agosti 1998. Pale sasa ni bustani ya kumbukumbu. Huyu 2006 alikuwa akilinda maua? Hadithi ya kutunga hii.

MluhyaHalisi: Ama alikuwa zamu na mjomba 😂

AskariMstaafu: Soma vizuri. Haile Selassie nilikuwa nashuka, kisha natafuta matatu ya Gigiri, ubalozi uliko sasa. Beji yangu ninayo, kona moja imeliwa na panya.

OmeraKisumu: Panya wa wapi?

Jirani58: Omera, wacha panya. Askari, ejenti usimwongeze hata shilingi. Ukinaswa na barua ya uongo unaweza kupigwa marufuku kuingia Marekani maisha.

AskariMstaafu: Amenipa hadi Ijumaa.

MamaLanet: Hiyo ploti iko Lanet upande gani? Ina maji?