Ugeni kutoka Kanisa la Uskoti: "Interim Moderator" tumwandikeje kwenye bango?

Katibu_Kinondoni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Usharika wetu wa KKKT hapa Kinondoni unapokea wageni kutoka Kanisa la Uskoti. Barua yao ya utambulisho imesainiwa na "Interim Moderator" na "Session Clerk", na ndani inataja "Presbytery" na "General Assembly". Kamati ya mapokezi imetafsiri hivi: Kaimu Mkuu wa Kanisa la Uskoti, Karani wa Kikao, Nyumba ya Padri, Bunge Kuu. Bango linachapwa Kariakoo Ijumaa na mimi moyo haujatulia. Juu ya hapo, wajumbe wanabishana: je, hili ni kanisa la serikali? Mfalme wa Uingereza ndiye mkuu wake? Na askofu wao ni nani ili tumwandikie barua ya shukrani? Mwenye kuujua mfumo wao atusaidie.

Mzee_Tabata

Amina, Katibu. Simamisha bango kwanza. Huyo mgeni si kaimu mkuu wa kanisa zima. Ni mtu aliyewekwa na presbiteri kuangalia usharika ambao kwa sasa hauna mchungaji. Mara nyingi ni mchungaji wa usharika wa jirani. Anaongoza vikao vya wazee na kuusindikiza usharika mpaka uite mchungaji mpya. Mkimtangaza kama mkuu wa kanisa lao, mtamwaibisha mbele ya watu wake mwenyewe.

Kinachowachanganya ni kwamba kwao kila ngazi ina moderata, yaani mwongozaji wa vikao. Ngazi zenyewe ni tatu. Chini kuna baraza la wazee la usharika, na mchungaji ndiye moderata wake. Katikati kuna presbiteri, yaani wachungaji na wazee waliotumwa na sharika za eneo fulani. Juu kuna Mkutano Mkuu (ndiyo hiyo "General Assembly"), unaokaa Edinburgh kila mwaka mwezi Mei. Zamani palikuwa na sinodi kati ya presbiteri na Mkutano Mkuu, ikafutwa miaka ya 1990. Ukikuta kitabu cha zamani kinataja ngazi nne, ndiyo sababu.

Askofu hawana, wala hakuna mtu mmoja anayeshika kazi ya askofu. Kazi zile ambazo kwetu tunazipeleka dayosisi kwa Baba Askofu (kumwekea mikono mchungaji, kumwingiza kazini, kukagua usharika, kumwajibisha mchungaji aliyekosea) kwao zinafanywa na presbiteri kama kikao. Ndiyo maana mchungaji wao hawajibiki kwa wazee wa usharika wake. Wazee hawawezi kumfukuza. Lalamiko linakwenda presbiteri.

Hata Mkutano Mkuu haujiamulii kila kitu. Iko sheria yao ya mwaka 1697: jambo linalogusa mafundisho, ibada, nidhamu au utawala lirudishwe kwanza kwenye presbiteri zote, na lisipoungwa mkono na nyingi kati yake, halipiti. Kwa hiyo mtu akisema "Kanisa la Uskoti limebadilisha msimamo" kwa sababu ya kura ya siku moja pale Edinburgh, muulize kama presbiteri zimeshajibu.

Mtafsiri_Upanga

Mzee Tabata umemaliza upande wa mfumo, mimi niseme ya tafsiri. "Nyumba ya Padri" imetoka kwenye kamusi: kwa Wakatoliki neno hilohilo la Kiingereza ni nyumba anamoishi paroko. Kwa Wapresbiteri ni kikao na eneo lake. Andikeni presbiteri, basi.

"Session Clerk" si karani wa ofisi. Kwa kawaida ni mzee wa kanisa aliyebarikiwa, anatunza kumbukumbu na barua za baraza, na mchungaji asipokuwepo yeye ndiye anayejua kila kitu. Mwandikeni Katibu wa Baraza la Wazee. Mkimkalisha nyuma na watumishi wa ofisi mmekosea itifaki.

Kuna mtego mwingine ambao haumo kwenye barua yenu ila mtaukuta kwenye taarifa zao. Wajumbe wa kawaida wa Mkutano Mkuu wanaitwa "commissioners". Hao ni wajumbe tu, msiandike makamishna. Halafu yupo "Lord High Commissioner", mmoja, naye ni mwakilishi wa Mfalme. Nimeona tafsiri zinazowachanganya hawa, matokeo yake ukumbi mzima unaonekana umejaa wawakilishi wa Mfalme.

Na "parish" kwao ni eneo lenye mipaka, pamoja na watu wote wanaoishi ndani yake, hata wasiokanyaga kanisani. Usharika ni wale waumini. Mchungaji ana wajibu kwa wote. Akifiwa mtu wa eneo lake asiye muumini na akaomba ibada ya mazishi, huendewa.

Msomaji_Mbagala

Kuhusu serikali na Mfalme: hapa watu wanachukua habari za England na kuzibandika Uskoti. Mfalme ni Gavana Mkuu wa Kanisa la England, na maaskofu 26 wa kanisa hilo wana viti katika Baraza la Malordi. Uskoti hakuna hata moja kati ya hayo. Mfalme akiwa kule ni muumini kama wengine. Anapoingia madarakani huapa kulilinda kanisa hilo, na Charles III aliapa hivyo Septemba 2022, lakini hamteui mtu. Mwakilishi wake kwenye Mkutano Mkuu hukaa kwenye roshani iliyo juu ya kiti cha moderata, ambayo kwa taratibu zao inahesabiwa iko nje ya mkutano. Anatoa salamu, hapigi kura.

Linaitwa kanisa la kitaifa kwa maana nyingine: limejifunga kumfikishia huduma kila mtu katika kila eneo la Uskoti. Sheria ya Bunge ya mwaka 1921 ililitambua hivyo, na papo hapo ikakiri kwamba mambo ya kiroho ni ya kanisa lenyewe, serikali haina neno. Wachungaji hawalipwi kutoka kwenye kodi. Msingi wa fedha ni sadaka za sharika.

Uhuru huo ulipatikana kwa gharama kubwa. Matengenezo ya Kanisa ya Kiprotestanti yalipita bungeni mwaka 1560, na mfumo wa kipresbiteri ukathibitishwa mwaka 1690. Lakini sheria ya 1712 iliwarudishia wenye mashamba haki ya kuchagua mchungaji wa usharika. Ugomvi huo ulipofika kilele mwaka 1843, wachungaji zaidi ya 450 kati ya takriban 1,200 walitoka, wakaacha mishahara na nyumba, wakaanzisha Kanisa Huru chini ya Thomas Chalmers. Sehemu kubwa ya waliotoka ilirudi kwa muungano wa mwaka 1929. Wachache hawakurudi, hivyo Kanisa Huru la Uskoti lipo mpaka leo, ni jingine kabisa. Na Waanglikana wa Uskoti ni Kanisa la Kiepiskopali, wana maaskofu wao, wala si kanisa la kitaifa.

Moravian_Mabibo

Kwa nini msitumie "Mwenyekiti"? Sisi Wamoravian jimbo linaongozwa na Mwenyekiti, watu wamezoea.

Mzee_Tabata

Ndugu yangu, ndiyo sababu nisingelitumia. Mwenyekiti wa Jimbo kwenu ana mamlaka ya utendaji kwa kipindi chote. Moderata wa Mkutano Mkuu anaongoza vikao vya mkutano, kisha kwa mwaka mmoja anazunguka kulisemea kanisa, basi. Hawezi kutoa agizo. Wala si lazima awe mchungaji: Alison Elliot wa mwaka 2004, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho, alikuwa mzee wa kanisa, na wa mwaka 2021 pia. Ndugu zetu wa PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki) huko Kenya wanasema "moderata" na linaeleweka.

Katibu_Kinondoni

Asanteni sana, mmetuokoa. Basi bango lisomeke vipi, na shukrani zielekezwe wapi?

Mtafsiri_Upanga

Bango: "Karibuni wageni wetu kutoka Kanisa la Uskoti", kisha jina la usharika wao. Vyeo visikae kwenye bango, viwe kwenye ratiba: "Mch. Fulani, Moderata wa Muda wa Usharika", maneno mawili ya mwisho msiyaache. Hakikisheni kwanza kwa barua pepe kwamba ni mchungaji, maana siku hizi hata mzee aliyefunzwa anaweza kupewa kazi hiyo. Shukrani mwandikieni Katibu wa Baraza la Wazee, nakala kwa Katibu wa Presbiteri. Huko ndiko barua inasomwa kikaoni na kuingia kwenye kumbukumbu.