Mjadala: Kitabu cha wanaoanza kinamfundisha mtu kweli kucheza Dungeons & Dragons?

Dadu Ishirini (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina hoja, na najua wapo watakaonirukia.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: Dungeons & Dragons huchezwa mezani, watu wanne au watano hivi. Mmoja ni mwendeshaji, anasimulia: mko njiani, jua linazama, mbele kuna kitu. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema atafanya nini. Jambo likiwa linaweza kwenda huku au kule, inarushwa dadu ya pande 20. Hakuna mshindi. Ulianzia Marekani mwaka 1974, mikononi mwa Gary Gygax na Dave Arneson.

Hoja yangu: vile vijitabu vya "anzia hapa" havimsaidii mchezaji mgeni, vinamchosha tu. Mwezi uliopita nilialika watu watano nyumbani: wenzangu wawili wa kazini, shemeji yangu na majirani wawili. Wiki moja kabla nikawatumia sheria kwenye simu, jamani msome. Siku ilipofika, mmoja kasoma zote na hofu imemjaa, wengine wamesoma kurasa tatu, shemeji hata faili hakulifungua. Basi tukaanza kusoma kwa sauti, kila mtu aya yake, kama darasa la tano. Masaa mawili tunabishania tofauti ya uwezo na nyongeza ya uwezo. Pilau ikapoa. Dadu haikurushwa hata mara moja. Jirani mmoja akaaga, eti kesho ana kazi. Kesho yake ilikuwa Jumapili.

Wiki iliyofuata walirudi watatu. Kitabu nikakiacha chumbani. Nikawaambia: "Mnasindikiza mkokoteni. Mmekuta farasi wawili wamekufa katikati ya barabara, wamejaa mishale. Mnafanyaje?" Shemeji akasema anashuka kuangalia kama damu imekauka. Akanyamaza, akaniangalia. Mchezo ukawa umeanza, na hajui sheria hata moja.

Wa Mtwara

Mkuu, wewe una shemeji. Mimi sikuwa na mtu.

Mjomba wangu alikuwa baharia, akaniletea boksi jekundu la wanaoanza mchezo huu, la mwaka 1983, lile alilolihariri Frank Mentzer. Mji mzima hakuna aliyejua ni kitu gani. Nikafungua, na kile kitabu hakikuanza na sheria. Kilianza kunisimulia: wewe ni mpiganaji, unaingia pangoni. Unakutana na nyoka, ndipo unafundishwa kurusha dadu. Unajeruhiwa, ndipo unaelezwa uhai wako unahesabiwaje. Baadaye anatokea dada mmoja wa dini, Aleena, anakutibu, mnaongozana. Kisha mchawi Bargle anamuua mbele yako. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nilifunga kitabu nikatoka nje.

Sasa niambie mimi nani alinifundisha kama si kitabu. Nyie mlio mijini mnadhani kila mtu ana meza ya kukalia.

Dadu Ishirini

Hapo umenigusa, ndugu. Ila angalia ulichokisema mwenyewe: kitabu hicho kilikaa kwenye kiti cha mwendeshaji. Hakikukupa sheria ukariri.

Mkaa Pembeni

Mbona mnajisumbua? Bao lina mashimo 32 na kete 64, na sijaona mzee aliyejifunza kwa kitabu. Unakaa barazani, unaangalia, ukishindwa unachekwa, unajua. Au ni kwa sababu mchezo huu ni wa Wazungu ndiyo lazima uende na vitabu?

Njiwa Manga

Kaka, bao unaliona. Kete ziko pale, mkono unazunguka, hata mpita njia anafuata. Mchezo huu haupo mezani, uko midomoni mwa watu. Ukikaa pembeni saa nzima utaona watu wanacheka na mmoja anafuta namba kwenye karatasi.

Na mnasahau historia. Toleo la 1974 lilikuwa vijitabu vitatu kwenye boksi, na viliandikwa kwa watu waliozoea tayari michezo ya vita ya mezani. Asiyewajua watu hao aliishia kukuna kichwa. Aliyeokoa jahazi hakuwa hata mfanyakazi wa kampuni iliyouchapisha mchezo: J. Eric Holmes, daktari wa mishipa ya fahamu na mhadhiri, alijitolea kuupanga upya kwa wanaoanza, na boksi lake likatoka 1977. Kwa hiyo huyo aliyekufundisha wewe kwa mdomo, ukimfuata nyuma, nyuma, nyuma, utamkuta mtu ameshika kitabu.

Halafu mdomo nao una yake. Mimi hapa Nairobi nilifundishwa na binamu. Mwaka mzima nikiamini kwamba ukirusha dadu ukapata 1, mhusika wako amekufa papo hapo. Nimezika wahusika saba! Siku nilipokuja kusoma nikakuta 1 maana yake shambulio limekosa, basi. Binamu naye alikuwa ameambiwa hivyo hivyo na aliyemfundisha.

Dadu Ishirini

Saba? Pole sana, nimecheka mpaka watoto wameamka.

Mwalimu wa Zamu

Nimesoma michango yote. Mimi naona tunagombana kuhusu "kitabu" kana kwamba ni kitu kimoja.

Japani walienda njia tofauti. Mwaka 1986 jarida la Comptiq lilianza kuchapisha mazungumzo ya watu wakicheza mchezo huu: huyu kasema hivi, mwendeshaji kajibu vile, dadu imetoka ngapi. Msomaji anasoma kama hadithi, na sheria zinamwingia bila kuhisi. Hadithi ile ndiyo iliyokuja kuwa Record of Lodoss War, riwaya na katuni. Mwongozo wa namna hiyo ungemfaa hata shemeji wa mleta mada.

Nina kikundi cha wanafunzi wanane, tunakutana baada ya vipindi. Tatizo letu la kwanza lilikuwa lugha. Ukimpa mtoto kurasa 32 za Kiingereza anachukua kalamu ya rangi na kuanza kupigia mstari, anadhani kuna mtihani. Nikaandika ukurasa mmoja wa mazungumzo kwa Kiswahili, nikatoa nakala. Siku hiyo hiyo tukacheza.

Na tuna ruhusa. Tangu Januari 2023 sheria za msingi za toleo la tano zipo chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo yeyote anaweza kuzitafsiri na kuzisambaza, mradi ataje zilikotoka. Ile namba ambayo adui lazima aifikie ndipo akupate, mimi niliandika "daraja la deraya". Wanafunzi wakanitazama. Mmoja akasema, "Mwalimu, si useme kinga?" Ikawa kinga.

Wa Mtwara

Dada, ukurasa huo tuwekee hapa.

Mwalimu wa Zamu

Nitauweka, nausafisha kwanza. Mwendeshaji wa kwenye mfano nilimpa jina la mkuu wetu wa shule.

Dadu Ishirini

Basi nirekebishe kauli. Mwongozo ni wa mwendeshaji peke yake, wachezaji waachiwe karatasi za wahusika. Lile boksi la wanaoanza la 2014 lilikuwa na kijitabu cha sheria cha kurasa 32, mkasa (hadithi ambayo mwendeshaji anawachezesha) wa kurasa 64, wahusika watano walioandaliwa tayari na dadu sita. Kosa langu lilikuwa kugawa kile cha 32. Ningesoma mwenyewe ule mkasa mara mbili na kunyamaza.

Lakini hata huo una lawama yake. Wale farasi waliokufa ni wa humo, na vichakani wamejificha vibwengo wanne. Wahusika wapya ni laini kama mayai. Mishale miwili ikimpata mmoja, yuko chini. Jirani yangu aliyebaki alianguka kabla hajarusha dadu yake ya kwanza, nami sikujua nifanye nini zaidi ya kumuongezea soda. Mwendeshaji mgeni anataka kuambiwa mapema: meza ikielemewa, kibwengo mmoja akimbie, au vibwengo wawateke wahusika badala ya kuwaua. Mwongozo wenye ukurasa mmoja wa hivyo nitaununua hata kwa bei ya viatu.

Njiwa Manga

Na wachezaji wasisome kabisa? Hapo bado sikubali. Mpe wiki tatu, atataka kujua mwenyewe kwa nini mchawi wake ameishiwa uchawi. Siku hiyo atakitafuta kitabu.

Mkaa Pembeni

Sijasema nacheza. Ila hizo dadu za pande 20 zinapatikana wapi? Madukani naona za ludo tu.

Njiwa Manga

Kata vikaratasi 20, andika 1 mpaka 20, tia kwenye kikombe, chomoa kimoja, kisha ukirudishe. Usione haya. Mwaka 1979 dadu ziliadimika, kampuni yenyewe ikawa inaweka vipande vya namba ndani ya boksi.

Mkaa Pembeni

Kikombe ninacho. Mleta mada, Jumamosi mnaanza saa ngapi?

Dadu Ishirini

Saa kumi jioni. Na usisome chochote.

Wa Mtwara

Soma kidogo, mkuu. Asikudanganye.