Kupunguza steroidi ya kuvuta kwa mtoto mwenye pumu ya mzio

MzaziMakini: Habari za wakati huu. Binti yangu mwenye umri wa miaka 8 ana pumu inayoamshwa na vumbi, na kwa mwaka mzima amekuwa akivuta budesonidi (steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa) mikrogramu 200 asubuhi na 200 jioni. Huu ni mwezi wa nne hajakohoa usiku wala kuhitaji salbutamoli, dawa ya kufungua pumzi haraka. Nina hofu kwamba dawa hii itamzuia kurefuka. Je, ninaweza kuipunguza mwenyewe?

Tabibu_wa_Watoto: Hofu yako ina msingi, ila ukubwa wake ujulikane. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia hadi utu uzima watoto waliokuwa wakivuta budesonidi mikrogramu 400 kwa siku, yaani kiasi kilekile cha binti yako, na ukakuta kwamba kwa wastani walikuwa wafupi kwa sentimita 1.2 kuliko wenzao waliopewa plasebo, yaani kivutio kisicho na dawa ndani yake. Pumu isiyodhibitiwa nayo hudumaza. Kwa kuwa ametulia kwa zaidi ya miezi 3, ni halali kabisa kumwomba daktari wake apunguze dozi, kwa kawaida kwa robo hadi nusu ya dozi ya sasa, kisha mngoje miezi 3 mingine kabla ya kushuka tena. Msianze wakati wa mafua au mkiwa safarini.

BabaJuma: Naomba usijaribu mwenyewe, dada. Sisi tulimwachisha mtoto dawa ghafla kwa sababu alionekana mzima, na baada ya wiki chache tukamkimbiza hospitali usiku, midomo ikiwa imebadilika rangi. Alionekana mzima kwa sababu ya dawa ileile tuliyoidharau.

Tabibu_wa_Watoto: Ndivyo inavyokuwa mara nyingi, kwani uvimbe wa njia za hewa hurudi kimyakimya kabla ya kikohozi kusikika. Kabla ya kushuka, hakikisheni anavuta ipasavyo kwa spesa (kichupa cha plastiki kinachounganishwa na kifaa cha kuvutia dawa) na kusukutua kinywa kila baada ya dawa. Punguzeni pia vumbi kitandani kwa kufua mashuka kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 na kufunika godoro na mto, ingawa hatua moja peke yake mara nyingi haitoshi.

MzaziMakini: Nawashukuru nyote. Spesa tuliiacha tangu alipotimiza miaka 6, tukidhani ni ya watoto wachanga. Nitamweleza daktari hilo kwanza, kisha ndipo nimwulize kuhusu dozi.