Yanmar 2GM20 kwenye mashua: silinda moja imekufa, pushirodi ya ekzosi imepinda

MwanaKilindoni

Habari zenu mafundi. Nina mashua ya mbao, futi 28, inabeba samaki na barafu kati ya Kilindoni na Nyamisati. Mashine ni Yanmar 2GM20, dizeli ya silinda mbili, ile inayopozwa moja kwa moja na maji ya bahari.

Wiki iliyopita mafuta yaliingia hewa, tukapiga starta muda mrefu sana mpaka ikawaka. Siku ile ilikwenda vizuri. Baadaye kusi ikachafuka, mashua ikakaa bila kuwashwa. Tulipoiwasha tena ikaanza kugonga upande wa juu, tak tak tak, kisha kikapiga kishindo kimoja na mlio ukapungua. Tangu hapo inatetemesha chombo kizima, moshi mweupe, nguvu hakuna.

Nimefungua kifuniko cha roka, ile mikono midogo inayosukuma vali. Roka ya ekzosi ya silinda ya nyuma inacheza ovyo, pushirodi yake, kile chuma chembamba kinachoisukuma roka kutoka chini, imetoka kwenye kikombe na imepinda. Fundi wa hapa anasema tuinyooshe, tupige tapeti (kupima upya nafasi kati ya roka na vali), kazi iendelee. Je, inatosha? Samaki wananisubiri.

Fundi_Raskazone

Kaka, msiinyooshe na msiiwashe. Pushirodi haijipindi yenyewe. Kuna kitu juu yake kilikataa kwenda, na mimi namshuku vali, ule mlango wa kutolea moshi.

Sikiliza maelezo yako mwenyewe. Mlipiga starta muda mrefu. Kila mashine inapozunguka, pampu inasukuma maji ya bahari kwenye ekzosi, lakini kwa kuwa haijawaka hakuna moshi wenye nguvu wa kuyatoa nje. Yanajaa kwenye lile pipa la ekzosi, yanapanda kwenye bomba, mwisho yanaingia kupitia vali ya ekzosi iliyo wazi. Yakiwa mengi mashine ingekwama palepale na pengine kupinda konektingi, ule mkono wa pistoni. Yakiwa kidogo inawaka, unashukuru Mungu, lakini chumvi imebaki kwenye mguu wa vali. Mashine ikikaa, kutu inaushika mguu ndani ya gaidi, yaani ule mrija unaouongoza.

Kabla ya chochote, leo hii hii, fungua nozeli zote mbili zinazopulizia dizeli, mimina oili nyepesi kidogo kila silinda, uzungushe kwa mkono polepole. Ikigoma, usilazimishe. Chomoa kijiti cha oili pia: ikiwa nyeupe kama tui, imwage yote. Maji ya chumvi hayasubiri samaki wafike Nyamisati.

Halafu nipe majibu mawili. Kwanza, ukirudisha nozeli na kuzungusha kwa mkono, silinda ya nyuma inabana hewa au inapita tu? Hakikisha wenzo wa kupunguza kompresheni ulio juu ya kifuniko umerudi chini kabisa, maana ukibaki juu utaonyesha kompresheni imekufa wakati haijafa. Pili, toa roka, weka rula juu ya vichwa vya miguu ya vali zote nne. Ipo iliyozama kuliko wenzake?

pwani_tu

Mimi ningeuza hiyo mashine kwa kilo, ninunue Enduro 15, ile Yamaha ya kufunga nyuma ya chombo. Ni tu-stroku, haina vali, haina roka, haina pushirodi. Ugonjwa huu hauijui kabisa.

Fundi_Raskazone

Kweli haina vali. Lakini ndugu yetu anabeba barafu kwenye mashua nzito ya mbao, na tu-stroku ya petroli itamla faida yote kwenye mafuta. Dizeli ile inasukuma panga kubwa polepole, na ndiyo kazi anayoihitaji. Mashine bado nzima, tuitibu.

MwanaKilindoni

Shikamoo mzee. Nimefanya. Oili haina weupe, nimeimwaga hata hivyo. Silinda ya nyuma inapita tu, haibani. Ya mbele inabana vizuri. Vali ya ekzosi ya nyuma imezama, kwa macho kama milimita tatu chini ya zingine. Springi haijavunjika. Nikiigonga kwa mpini wa nyundo haitikisiki.

Fundi_Raskazone

Marahaba mwanangu. Usiigonge tena, tutaelewana kwa nini.

Vali imekwama ikiwa wazi. Springi ilishindwa kuirudisha, nafasi kati ya roka na vali ikawa kubwa, ndiyo ile tak tak. Pushirodi ikaruka nje ya kikombe chake, na kamshafti (shafti yenye meno yanayosukuma pushirodi) ilipopanda ikaikuta imekaa upande, ikaipinda. Hicho ndicho kishindo ulichosikia, au kilikuwa pistoni kuipiga vali. Ungenyoosha pushirodi na kuirudisha, roka ingeendelea kugonga vali isiyorudi, na pistoni ingeipiga kila inapofika topu, yaani juu kabisa. Kichwa cha vali kikikatika ndani, utatafuta hedi (kile kichwa cha juu chenye vali), pistoni na silinda kwa pamoja, na utakuwa katikati ya Mkondo wa Mafia.

Wapo wanaomimina mafuta ya taa juu ya gaidi na kubembeleza vali irudi bila kufungua hedi. Kwa iliyonata kwa masizi nimeona ikikubali. Kwa hii yenye kutu, na pengine imepigwa na pistoni, sikushauri. Fungua hedi.

Legeza nati za hedi kidogo kidogo, ukianzia za nje kuelekea katikati. Pushirodi zipange kwenye kipande cha boksi ulichotoboa na kuandika, kila moja irudi mahali pake. Zote zivingirishe juu ya kioo. Inayodunda imepinda, hata kama macho yanakwambia imenyooka. Juu ya pistoni tafuta alama ya mwezi mdogo: ni vali iliyogusa. Alama ya juujuu si tatizo, ufa ni mwisho wa pistoni hiyo.

Vali iliyokwama itoe, iwekwe kwenye mashine ya kukereza na izungushwe. Ikiyumba kichwani, nunua mpya, na gaidi ikaguliwe na fundi wa kukereza. Zilizobaki zisage kwa pesti ya kusagia vali mpaka uone duara moja la kijivu lisilokatika. Kisha geuza hedi, mimina mafuta ya taa kwenye tundu la ekzosi na la hewa. Yakivuja upande wa pistoni, bado hujamaliza kusaga.

Hedi ikiwa nje, piga tochi kwenye matundu ya pushirodi uangalie tapeti zenyewe, vile vipande vilivyokalia kamshafti chini ya pushirodi. Ukizungusha, ya ekzosi ya nyuma ipande sawa na ya mbele. Ikipanda kidogo kuliko mwenzake, jino la kamshafti limelika, na hapo kazi inakuwa nyingine.

Gasketi mpya, usirudishe ya zamani. Nati kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana ya kipimo na kipimo cha kitabu cha mashine. Nafasi ya tapeti, kati ya roka na vali, ni 0.2 mm, mashine ikiwa baridi, vali zote. Kila silinda iweke kwenye topu yake ya kompresheni: ukitikisa flaiwili mbele na nyuma kidogo, roka zake zote mbili zitulie. Zikitikisika, uko topu ya ekzosi, zungusha mzunguko mzima.

Nahodha_wa_Mkanda

Kutoka Lamu. Nyote mumesahau kiwiko cha ekzosi, pale maji yanapochanganyika na moshi. Hapa makanika wetu hukifungua kwanza. Kikiziba kwa masizi na kutu, maji hurudi nyuma hata bila kupiga starta sana.

Fundi_Raskazone

Ahsante nahodha, hiyo ndiyo nilikuwa nakuja nayo. Ukikifungua na kidole hakipiti, au kimetoboka ndani, badilisha. Halafu chombo kikiwa majini na mzigo kamili, pima kimo. Kiwiko kikiwa karibu na usawa wa maji au chini yake, bomba la maji linalokwenda kwenye kiwiko linahitaji kupandishwa na kuwekewa vali ya hewa juu, la sivyo bahari itajivuta yenyewe mashine ikiwa imezimwa.

Na mafuta yakiingia hewa tena, funga koki ya maji ya bahari wakati wa kupiga starta. Ikiwaka tu, fungua mara moja, raba ya pampu haivumilii kuzunguka kavu.

MwanaKilindoni

Hedi iko chini. Kiwiko kimeziba, tundu limebaki dogo sana. Pistoni ina alama ndogo, haina ufa. Vali inayumba, nimeagiza mpya Dar pamoja na pushirodi, gasketi na kiwiko. Kamshafti inapanda sawa pande zote. Nikiiwasha, tapeti nizipime tena baada ya muda gani?

Fundi_Raskazone

Iendeshe gatini mpaka ipate moto vizuri, izime, ilale ipoe kabisa. Asubuhi pitia nati za hedi kwa mpangilio uleule, kisha tapeti, kwa sababu hedi ikishuka kidogo nafasi inabadilika. Rudia baada ya saa 50 za kazi. Na mwage ile oili mpya mapema kuliko kawaida, ibebe pesti na chumvi iliyobaki.